Ukumbi wa Pili Ulikuwa Mtupu

Hadithi hii hakuna anayeijua kuliko mimi. Naijua yote, kichwa hadi kucha, isipokuwa mwanzo, maana sikuwepo, na katikati, maana nilitoka kuanua nguo mvua isiziloweshe. Mwisho nao nilisimuliwa na Bi Generosa, ambaye hutia chumvi hata kwenye chai. Sehemu inayobaki muiamini kabisa.

Palikuwa na nchi. Jina lake silitaji, kwa sababu kule kutaja jina la nchi kunahitaji kibali, na dirisha la vibali hufunguliwa Jumanne isiyokuwa sikukuu, na kule kila Jumanne ni sikukuu. Itoshe kusema si nchi hii. Tulieni.

Basi nchi hiyo ikapata habari njema kwamba huko ng'ambo viwanda vinahama. Vilikuwa vinahama kwa sababu wafanyakazi wa kule walikuwa wameharibika. Walianza kwa kuulizia mshahara, wakaja kuulizia likizo, mwisho wakaanza kuulizia madirisha. Wenye viwanda wakakaa kikao, wakasema ulimwengu ni mpana, hapakosi mahali ambapo watu bado hawajauliza kitu.

Serikali haikuchelewa. Ikaunda Wizara ya Fursa Zinazohama, na waziri wake akawa Mheshimiwa Dokta Bartazari Mkonjo, mtu mnene, mpole wa sauti, aliyepata udokta wake kwenye chuo ambacho nacho kilikuwa kimehama. Siku ya kwanza tu akahutubia redioni.

"Ndugu wananchi! Viwanda vinaruka angani kama ndege waliochoka. Sisi tuwe mti! Tusimame wima! Tusitikisike! Na ndege akitua, asikute mti unauliza maswali!"

Nchi nzima ikapiga makofi, kila mtu mbele ya redio yake.

Mji uliochaguliwa kutuliwa ulikuwa Magunzi, kwa sababu pale palikuwa na kiwanda tayari. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimekufa miaka thelathini na moja iliyopita, mashine zake zilikwishauzwa chuma chakavu, na kwenye bomba la moshi walikuwa wanaishi kunguru. Lakini kuta zilikuwepo. Wizara ikatangaza kwamba Magunzi imeshakamilika kwa asilimia tisini, zilizobaki ni mashine, umeme, maji na kazi.

Watu wa Magunzi nao wakawekeza. Kinyozi mmoja akaligeuza banda lake kuwa Gesti ya Mwekezaji, kitanda kimoja na vyandarua viwili. Muuza mihogo akaandika kwenye kibao chake Mihogo ya Kimataifa. Posta wakaanza kuuza Vipande vya Fursa, karatasi nzuri zenye picha ya moshi, na watu wakazitundika sebuleni karibu na picha za harusi, wakawa wanauangalia moshi ule jioni na kusema, tazama, unaongezeka.

Nyumba moja haikununua kipande. Ilikuwa nyumba ya Bi Siwema, kwenye kota za zamani za kiwanda, mlango ukitazama ukuta wa Ukumbi wa Pili.

*

Bi Siwema alikuwa mfumaji katika kiwanda kile tangu akiwa msichana, yeye na mdogo wake Mwasiti, na rafiki yao Generosa. Mashine za kufumia zilikuwa mia mbili katika chumba kimoja, na zikianza kupiga, hata ukipiga yowe sikioni mwa mwenzako hakusikii. Kwa hiyo wafumaji walikuwa na lugha yao. Midomo inakwenda, sauti haitoki, na mwenzako upande wa pili wa ukumbi anakusoma kama gazeti. Waliiita Kimdomo. Kwa Kimdomo watu walichumbiwa, walitetana, walipeana habari za msiba na za bei ya samaki, na mikono yao haikuacha uzi hata mara moja.

Wasimamizi hawakuijua. Wao walikaa kwenye kibanda cha vioo wakiangalia midomo ya wanawake wakidhani wanatafuna kitu. Lakini hofu ilikuwepo kwamba siku moja atatokea wa kujua, na ndipo Mwasiti, ambaye utani ulimtoka hata akiwa mgonjwa, akabuni mtego. Kila alipoletwa msimamizi mpya, wanawake walimgeukia wote kwa pamoja na kumwambia kwa Kimdomo: zipu yako iko wazi. Asiyejua lugha aliendelea kutembea. Anayejua angetazama chini.

Miaka yote hiyo alinaswa mmoja tu. Alikuwa kijana mwembamba mwenye kichwa kikubwa, wakimwita Kijiko. Kumbe kule kwenye vioo alikuwa amejifunza, na ndiye aliyekuwa anapeleka maneno ya wanawake ofisini. Mwasiti akamwambia, zipu. Kijiko akatazama chini, na mkono ukafuata. Ukumbi mzima ukacheka bila sauti, wanawake mia mbili, vifua vinaruka na mashine zinapiga. Kijiko alisimama katikati ya kicheko kile ambacho hakisikiki, masikio yamemwiva.

Wiki iliyofuata akatoa amri mpya. Ukumbi wa Pili, kule khanga zilikokunjwa, utafungwa kwa nje, kufuli na mnyororo, hadi king'ora cha saa kumi kilie, ili watu wasitoke na vipande vya khanga tumboni. Ufunguo akawa anauweka kwenye mfuko wa shati.

Moto ulishika saa tisa alasiri. King'ora kiliungua kabla ya kulia. Ndani walikuwemo wanawake kumi na wawili, na Mwasiti mmoja wao. Bi Siwema alikuwa Ukumbi wa Kwanza, upande wa pili wa kidirisha kidogo cha kioo kinene kilichotenganisha kumbi mbili, na alichokiona kwenye kile kidirisha hajamsimulia mtu. Kijiko hakuonekana tena. Ufunguo nao.

Tume iliundwa, watu wenye miwani. Ikakaa miezi minane ikatoa kurasa mia nne, na kiini chake ni hiki: sheria ya kiwanda ilimtaka kila aingiaye asaini anapotoka, na kwa kuwa siku ile hakuna aliyesaini kutoka Ukumbi wa Pili, basi hakuna aliyeingia. Ukumbi ulikuwa mtupu. Mlango ukachomelewa kwa chuma ili uendelee kuwa mtupu.

Miaka thelathini na moja Bi Siwema aliomba kitu kimoja tu. Mlango ufunguliwe, wale watu watolewe, wazikwe. Aliandika barua hadi posta wakawa wanamsaidia kulamba stempu. Majibu yalikuja yamepigwa chapa vizuri: Ombi lako la kufungua mahali patupu ili kumtoa asiyekuwemo limepokelewa.

*

Wizara ikaleta barua kwamba kabla ya ng'ambo kuleta mashine, mwenye kampuni atakuja mwenyewe kuangalia mikono. Ikatangazwa Zoezi la Taifa la Utayari wa Mikono. Watu wangeingia Ukumbi wa Kwanza kila asubuhi na kufuma, bila mashine, bila uzi, hadi mikono izoee.

Msimamizi wa zoezi alikuwa Afisa Utayari wa wilaya, Bwana Eliakimu, mtu wa makamo mwenye jasho na fomu. Alipomfikia Bi Siwema, akakwama.

"Mama, fomu inataka vidole kumi."

"Ninavyo tisa. Cha kumi kilichukuliwa na mashine."

"Sasa niandike nini? Hapa hakuna nafasi ya tisa."

"Andika kimetangulia," akadakia Bi Generosa kwenye foleni. "Kinatusubiri kazini."

Bwana Eliakimu akaandika: kidole kiko njiani.

Lakini wafumaji wa zamani, arobaini na kitu, waligoma. Walikaa chini nje ya geti, miguu wameinyoosha, wakasema hawaingii Ukumbi wa Kwanza huku wenzao wamefungiwa wa Pili. Na bila wao hapakuwa na wa kuwafundisha wengine. Ikabidi Mheshimiwa aje mwenyewe, magari manane.

Alishuka, akawatazama, sauti laini kama mafuta ya nazi.

"Mama zangu. Mimi ni mgeni hapa, sijawahi kukanyaga Magunzi hata siku moja. Lakini machozi yenu nimeyasikia huko huko wizarani. Siku mwekezaji atakapofika, mlango ule utafunguliwa mbele yake, na wapendwa wenu watazikwa kwa heshima zote za taifa, na bendi!"

Wanawake wakalia. Wengine wakapiga vigelegele huku wanalia. Bi Siwema naye moyo ulimruka, miaka thelathini na moja si mchezo. Lakini kuna kitu kilimkera kama uzi kwenye meno. Mheshimiwa, alipokuwa akisikiliza watu, hakuwatazama machoni. Aliwatazama midomoni.

Akarudi kwenye gari, kioo kikapandishwa. Ndani, katibu wake akamuuliza jambo, na Mheshimiwa akajibu. Hakuna aliyesikia, kioo kilikuwa kinene. Bi Siwema alikuwa amesimama hatua kumi, na kioo kinene kwake hakikuwa kizuizi. Akasoma:

Utamimina zege. Ujaze hadi juu siku mbili kabla hajaja. Vikongwe husahau.

"Umeona?" akamnong'oneza Generosa.

"Mimi macho yangu siku hizi yanaona maharage tu, shoga. Amesema nini?"

Bi Siwema akamwambia. Generosa akanyamaza, na kunyamaza kwa Generosa ni jambo la kuandikwa kwenye kalenda.

"Na tutamwambia nani?" akasema mwishowe. "Tutakwenda polisi tuseme tumesikia kwa macho?"

*

Zoezi likaanza. Ukiingia asubuhi unakuta wanawake mia na arobaini, wazee, binti zao na wajukuu, wamejipanga kwenye ukumbi usio na kitu hata msumari, wanafuma hewa. Mikono inavuta, inafunga, inakata. Miguu inakanyaga. Na kwa kuwa mikono na midomo ya wafumaji ilijifunza kazi pamoja, midomo nayo ikaanza kwenda. Wale wadogo wakaiga. Kwa wiki mbili ukumbi wote ukawa unaongea Kimdomo, mia na arobaini, na husikii ila kunguru juu ya bomba.

Bwana Eliakimu hakupenda. Akatoa waraka kwamba ukimya huu upunguzwe.

Halafu hesabu zikaanza kumgomea. Kila asubuhi aliwahesabu mlangoni wakiingia: mia na arobaini. Akienda mbele, akapanda kwenye kiti, akawahesabu wakiwa kazini: mia na hamsini na mbili. Akahesabu kwa safu. Akahesabu kwa vichwa. Akahesabu mikono akagawa kwa mbili, akakumbuka kidole cha Bi Siwema, akaanza upya. Wakitoka, mia na arobaini.

"Mama," alimuuliza Bi Siwema siku ya tatu, uso umempauka, "hawa kumi na wawili ni akina nani?"

"Wewe umeambiwa ukumbi ule ulikuwa mtupu?"

"Nimeambiwa."

"Basi usiniulize mimi."

Bwana Eliakimu alikuwa mtumishi wa umma mwenye watoto sita. Akaandika kwenye ripoti yake: Nguvu kazi imeongezeka ndani ya saa za kazi bila gharama. Wizara ikampongeza kwa barua, nakala kwa magazeti. Naye tangu siku hiyo akawa anahesabu amefumba macho.

Mambo mengine hayakuwa na safu kwenye fomu. Wanawake wakitoka saa kumi walikuwa na vumbi la pamba kwenye nywele, laini, jeupe, na pamba haikuingia jengo lile tangu watoto wao hawajazaliwa. Sakafu ilikuwa inatetemeka kidogo, mtetemo ule wa mashine mia mbili, ukivua viatu unausikia kwenye nyayo. Na siku za joto palinuka khanga iliyounguzwa na pasi. Wasichana walipouliza, wazee walisema ni harufu ya fursa.

Bi Siwema alijipangia safu ya mwisho, pembeni, karibu na kile kidirisha. Kioo kilikuwa cheusi kwa masizi ya upande wa pili. Kwa siku nne alifuma ubavu umeelekea kule, hakugeuka. Siku ya tano akageuka.

Weusi ulikuwa umefutika sehemu moja, mviringo, kama mtu amepangusa kwa kiganja. Na kwenye mviringo ule palikuwa na mdomo, na juu yake pua ya kwao, ile pana waliyotaniwa utotoni.

Mdomo ukasema: Dada, king'ora kimelia?

Mikono haikusimama, mikono ya mfumaji haisimami. Akajibu kwa mdomo mkavu: Bado.

Leo wamechelewa, ukasema mdomo. Joto humu.

Najua, Mwasiti.

Mbona umezeeka hivyo? Kwani ni saa ngapi?

Angesemaje? Angemwambia saa tisa ile imedumu miaka thelathini na moja? Bi Siwema akasema kitu kilichomjia kwanza, kitu cha umbea, kwa sababu ndicho walichozoea kuambiana pale.

Kijiko amerudi. Ni waziri sasa.

Muongo!

Haki ya Mungu. Amenenepa, ana kitambi kama amemeza mto. Anasema hajawahi kukanyaga hapa. Anataka kuwajazia zege mlimo.

Mdomo kwenye kioo ukafanya jambo ambalo Bi Siwema hakuwa ameliona tangu akiwa na nywele nyeusi. Ulicheka, kimya kimya, meno yote nje.

Mlete hapa dirishani, ukasema.

*

Zege lilikuja kweli, siku mbili kabla ya ugeni, malori mawili. Lakini lilipigiwa mhuri kwenda Ukumbi wa Pili, na dereva alipofika getini, mlinzi akamwonyesha waraka wa Tume, wa serikali hiyo hiyo, unaosema hakuna ruhusa kuingiza kitu chochote Ukumbi wa Pili kwa kuwa umethibitishwa mtupu. Wakabishana nyaraka kwa nyaraka hadi zege likagandia ndani ya lori. Malori yapo hadi leo, yanatumika kama mnara.

Mwekezaji akafika Alhamisi asubuhi. Watu walitegemea mtu mkubwa. Akashuka bibi mmoja mkavu, mrefu, viatu vya chini, na mkalimani wake. Watu walimwita Bibi Mwekezaji, na jina lake lenyewe lilikuwa gumu kwa meno. Mheshimiwa akamtolea hotuba ya saa moja na nusu kuhusu mti na ndege. Alipomaliza, Bibi akamuuliza swali moja kupitia mkalimani.

"Milango ya hapa hufungwa kwa ndani au kwa nje?"

"Hapa kwetu," Mheshimiwa akasema kwa fahari, "hatuna sheria yoyote inayosumbua milango."

Bibi hakucheka. Mkalimani, akinywa chai kabla ya hotuba, alikuwa ameshamwambia Generosa kwa nini wanahama. Kule ng'ambo nako walikuwa na ukumbi wao. Ulifungwa kwa nje. Tangu hapo Bibi halali vizuri, na wanaomkopesha na kumkatia bima hawamtaki tena bila karatasi. Karatasi yenyewe alikuwa nayo kwenye mkoba: Cheti cha Kutokuwa na Marehemu. Waziri aandike kwa mkono wake kwamba ukumbi ulikuwa mtupu, na kwamba yeye hana uhusiano wowote wa zamani na mahali hapa.

"Anasema," akatafsiri mkalimani, "neno moja tu la uongo likionekana kwenye cheti hiki, anataka mlango ufunguliwe mbele yake, leo, kabla hajapanda gari. Vinginevyo anaondoka na mashine zake."

"Mwambie nitasaini mara mbili," akasema Mheshimiwa, akasaini mara mbili.

Bi Siwema aliiona ile kalamu ikitembea. Akaona kabisa kwamba hakuna siku nyingine. Mwekezaji akipanda gari na cheti safi, lori jingine la zege litakuja, na safari hii getini hatakuwepo mlinzi anayejua kusoma.

*

Wakaingia Ukumbi wa Kwanza. Wanawake mia na arobaini walikuwa kwenye safu, mikono inakwenda. Filimbi ikapigwa. Bibi akatembea polepole katikati yao, akiangalia mikono, halafu akasimama.

"Anauliza kwa nini midomo inacheza," akasema mkalimani.

Bi Generosa akatoka mbele, khanga kaifunga vizuri.

"Mwambie ndivyo tulivyokuwa tunaongea. Kelele zilikuwa nyingi. Ni lugha ya humu ndani, asiyefanya kazi humu haijui."

Bibi akamgeukia Mheshimiwa.

"Anauliza, wewe Mheshimiwa unaijua?"

"Mimi?" Mheshimiwa akacheka kwa upole. "Hata neno moja. Nitaijulia wapi?"

Hapo ndipo Bi Siwema akatoa ishara kwa ule mkono wa vidole vinne, nayo ikapita safu hadi safu. Na wanawake wote mia na arobaini wakamgeukia Waziri wa Fursa Zinazohama, wakamwambia kwa pamoja, bila sauti: zipu yako iko wazi.

Mheshimiwa hakutazama chini. Alikuwa amejiandaa miaka thelathini na moja. Aliinua kidevu akayatazama mapaa kama mtu anayependa sana mabati, na akatembea hivyo safu nzima, shingo ngumu. Katibu wake ndiye aliyejigonga kwenye nguzo. Wakarudia. Shingo haikuteremka.

"Wanasema nini?" mkalimani akauliza.

"Wanamsifu," akasema Generosa, sauti imemnyong'onyea.

Bi Siwema alihisi moyo unashuka hadi kwenye kandambili. Ilikuwa imekwisha. Yule hakuwa tena kijana wa kibanda cha vioo. Alikuwa ameshasimama mbele ya nchi nzima akisema uongo, wanawake mia na arobaini walikuwa kitu gani kwake? Mtu wa namna ile huwezi kumwinamisha kwa walio hai.

Basi akasogea mbele, akapiga magoti kidogo kwa adabu.

"Mheshimiwa, baba. Sisi vikongwe tumeridhika. Lakini mgeni ametoka mbali. Mwonyeshe tu kwa macho yake kwamba kule hakuna mtu, aondoke na amani. Kidirisha kile pale."

Mheshimiwa akasita. Lakini mkalimani alikuwa ameshatafsiri, na Bibi alikuwa ameshaanza kutembea. Ikabidi afuate, anatabasamu, kitambi mbele. Wanawake walibaki nyuma yake wote, hakuna aliyekuwa mbele yake ila ukuta na kioo. Mikono ilikuwa bado inafuma. Sakafu ikaanza kutetemeka. Bwana Eliakimu, mlangoni, akafumba macho kwa mazoea.

Mheshimiwa akafika dirishani. Akaelekeza uso kwenye kioo kama mtu anayejitazama, akanyoosha mkono kuonyesha.

"Kama mnavyoona," akasema kwa sauti ile ya redioni, "ukumbi huu ulikuwa mtupu, na ni mtupu mpaka..."

Bi Siwema, nyuma ya bega lake, hakuona kilichokuwa kwenye kioo. Aliona tu sehemu iliyopanguswa, na pumzi imetua juu yake, kwa upande wa ndani. Lakini aliona shingo ya Mheshimiwa. Masikio yalikuwa yanaiva kutoka chini kwenda juu, mekundu, kama ya kijana mwembamba aliyesimama katikati ya kicheko kisichosikika.

Kisha kichwa chake kikubwa kikainama. Na mkono ule ule uliosaini mara mbili ukashuka taratibu, ukapita kitambi, ukashika zipu.

Pamba nyeupe, laini, ilikuwa inadondoka kutoka darini juu ya suti yake.

"Kijiko," akasema Bi Siwema kwa sauti, jina ambalo katika jengo lile lilisemwa kwa midomo tu, "nani amekwambia iko wazi?"

Mkalimani akamtafsiria Bibi yote, neno kwa neno, hata jina. Bibi akaiangalia zipu. Ilikuwa imefungwa hadi juu. Akaangalia kioo, akakiangalia kwa muda mrefu, kisha akatoa kile cheti mkobani na kukikunja mara mbili, na akauliza kitu kifupi.

"Anauliza," akasema mkalimani, "ufunguo uko wapi?"

"Ufunguo gani?" akasema Mheshimiwa. "Mimi sijui habari ya ufunguo wowote!"

Na mkono wake wa pili ulikuwa tayari umefunika mfuko wa shati.